Aanze Kuhudhuria Kwanza

Nilivuka mpaka nikiwa nimeshakasirika. Pale Horohoro afisa wa uhamiaji aliipekua pasi yangu, akaniuliza naenda Dar es Salaam kufanya nini, nikamjibu kwamba namwendea mama yangu mdogo, anaumwa. Akatabasamu, akasema Wakenya siku hizi kwenye Kiswahili mnajitahidi. Mimi nimezaliwa Mombasa, mama yangu kazaliwa Mombasa, bibi yangu kazikwa Mombasa, na mtu ananisifu kwamba ninajitahidi. Nilinyamaza kwa sababu muhuri ulikuwa mkononi mwake. Ile hasira sikuiacha pale, nilishuka nayo Dar pamoja na begi.

Mama mdogo ndiye kitinda mimba kwao. Aliondoka nyumbani kabla mimi sijaanza shule, akamfuata mwanaume aliyekuwa na kazi bandarini Dar es Salaam. Mwanaume hakudumu. Yeye akabaki, kwanza Buguruni, halafu Kariakoo, katika chumba cha uani kwenye nyumba ya familia ya Kiislamu yenye asili ya Uarabuni, watu wa duka la vyombo. Hakujaaliwa mtoto. Miaka arobaini alikaanga bajia na sambusa kwenye baraza yao, na aliyenipigia simu ni mwenye nyumba wake, mjane wa umri wake ambaye mtaa mzima wanamwita Bibi. Aliniambia kiharusi kimerudi mara ya pili, na daktari kasema tuhesabu siku, tusihesabu wiki. Kisha akasema kuna kitu mgonjwa anakitaka, na kitu chenyewe yeye hawezi kumpa.

Nyumba ya Bibi ni moja ya zile za chini zilizobaki pale. Maghorofa yameibana pande tatu, hata uani jua linaingia saa sita tu, linakaa kidogo, linaondoka. Mama mdogo nilimkuta amelazwa kwa ubavu, upande wa kushoto wote umekufa, mdomo umekwenda kando. Bibi, na magoti yake mabovu, ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumnywesha supu ya samaki wa soko la Feri, kijiko kwa kijiko. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanikabidhi kijiko bila neno jingine.

Mama mdogo aliponitambua hakuuliza habari za nyumbani. Alisema neno moja moja, kama mtu anayepandisha ngazi: "Nataka kukomunika."

Hicho ndicho kitu ambacho Bibi hakuweza kumpa. Komunyo. Mama mdogo alikuwa hajaipokea miaka ishirini na zaidi. Jumapili alikuwa akikaanga, akajiambia atakwenda Jumapili ijayo, na Jumapili hiyo ijayo haikufika. Sasa miguu haina tena safari, na mwanamke huyu ambaye hakuwahi kuomba kitu kwa mtu alikuwa akiomba padri aje, aungame, apewe Ekaristi, basi afe.

Nilimwambia hilo ni jambo dogo, aniachie mimi. Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Nyumbani Mombasa mimi ni katibu wa jumuiya, huu mwaka wa kumi na moja. Jumuiya ni vile vikundi vyetu Wakatoliki vya nyumba kumi au kumi na tano za majirani, wanaokutana kusali kila wiki, na bila barua yake huwezi kubatiziwa mtoto wala kuzikiwa mzee. Daftari letu linakaa kwangu, kabatini, nimelivalisha karatasi ya nailoni lisiingie vumbi. Nilimweleza Bibi haya yote pale uani, kwa kujisikia kidogo, kwamba mimi kanuni za kanisa nazijua, na kanisa ni moja, huku na kule. Bibi alisema vizuri, alijua amemwita mtu sahihi.

Kesho yake, Alhamisi, nilikwenda ofisi ya parokia. Nje pana benchi, nikakaa kwenye benchi kwa sababu ndipo watu wanapokaa. Nilipoitwa, katibu muhtasi, dada mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliniuliza mgonjwa ni wa jumuiya gani na barua ya mwenyekiti iko wapi. Sikubishana naye. Utaratibu ni utaratibu, na mimi mwenyewe siwapendi watu wanaokuja na machozi wakitaka kupitishwa mlango wa nyuma. Nikaomba nielekezwe kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti nilimkuta dukani kwake, Kariakoo hapo hapo, anauza maturubai. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Alinipa stuli, akaniita dada, akaagiza chai. Akatoa daftari chini ya meza, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, akatikisa kichwa. Huyo hatumjui, akasema. Nikamwambia anakaanga bajia mtaa wa pili tu kutoka hapa, miaka arobaini. Akaangua kicheko cha mshangao. Bajia zake alikuwa amezila tangu akiwa kibarua kwenye duka hilo hilo, ila siku zote alimchukulia kuwa wa pale kwa Waarabu, na Waarabu ni Waislamu, kwa hiyo na yeye ni Mwislamu. Alikuwa hajamuuliza. Miaka yote anapokea bajia kwa mkono wa mwanamke, na hajui kama mwanamke huyo hufanya ishara ya msalaba.

Nikasema basi, sasa umejua, andika barua. Hapo ndipo upole ulipoanza kazi. Jina lake, alisema, huenda bado liko Buguruni alikokaa mwanzo, kwa hiyo inatakiwa barua ya uhamisho kutoka kule. Nikamwomba jumuiya waende tu wakasali naye, barua itafuata. Akainamisha kichwa. Alisema wanajumuiya wataona haya kwenda kupiga magoti na kuimba kwenye uani wa watu wale, itaonekana wanatafuta maneno, na yeye anafanya biashara na Waislamu, hataki ugomvi. Nilimuuliza kama kuna siku wenye nyumba walimkataza mtu. Akasema hapana, lakini mtu anajua tu.

"Dada yangu, mimi sikatai," alisema akinifunikia kikombe kwa kisahani. "Aanze kuhudhuria kwanza."

Nilimwambia hawezi kukaa, achilia mbali kusimama. Akafikiri, kwa huruma ya kweli, akaniambia basi nihudhurie mimi kwa niaba yake, Jumamosi tatu. Nilitoka pale bila kumaliza chai. Nilitembea mpaka Msimbazi nikisema peke yangu barabarani, wapita njia wananipisha. Nilimwita mtu yule majina ambayo siyaandiki. Nyani haoni kundule, nilisema, anakaa na daftari anafikiri ameshika funguo za mbinguni.

Ijumaa nilikwenda Buguruni. Nyumba ambayo mama mdogo aliwahi kupanga imekuwa gereji. Mafundi walikuwa wamelala chini ya gari, wakaniuliza miguu yao ikiwa imejitokeza nje, mama unatafuta spea gani. Jumuiya ya zamani imegawanywa mara tatu tangu wakati ule, na mzee aliyekuwa akitunza daftari amekufa, daftari halijulikani liliko. Nilirudi Kariakoo jua likiwa kali, nikapita tena ofisi ya parokia, nikakaa tena kwenye benchi. Dada mwenye miwani aliniambia paroko yuko safarini na padri msaidizi hapokei mtu bila miadi, na miadi inaandikwa kwa mwenye barua. Nikarudi uani. Mama mdogo alinitazama kwa jicho lake moja zima, akaona mikono mitupu, akafumba.

Jumamosi alikataa supu. Hapo hasira yangu iligeuka kitu kingine, ikawa baridi na ikaanza kufikiri. Niliamua nitaiba.

Nitasema wazi nilichokusudia, kwa kuwa kila Mkatoliki atakayesoma atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Niliamua kwenda kwenye misa, kupanga foleni ya komunyo, kuipokea hostia, ule mkate mwembamba wa Ekaristi, mkononi, kutoila, na kuichukua mpaka Kariakoo kwa mama mdogo. Najua hilo ni kosa kubwa. Nimewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwa mdomo wangu huu kwamba ni kosa kubwa. Sikwenda parokia ile ile kwa sababu sura yangu ilishajulikana pale. Nilichagua kanisa kuu kule mjini, upande wa Posta, kunakojaa wageni kila Jumapili na hakuna anayemuuliza mtu ametoka wapi. Na kwa nini sikukusudia kumwomba padri wa huko tu, kwa maneno? Kwa sababu nilijua jibu. Angenirudisha kwenye parokia ya mgonjwa. Ningekuwa mimi ofisini ningejibu hivyo hivyo.

Nilimwomba Bibi kijikopo kidogo kisafi chenye kifuniko. Hakuuliza cha nini. Aliingia ndani, akarudi na kijaluba cha fedha, kile ambacho mama yake alikuwa akiwekea tambuu, amekiosha kwa maji ya moto na kukikausha kwa ncha ya mtandio wake. Nikakitia ndani kitambaa cheupe, nikakiweka kwenye mkoba.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa miguu. Kariakoo ilikuwa imepungua watu, wauza mitumba ndio kwanza wanafungua marobota. Nikakata Mnazi Mmoja, nikashika barabara ya mjini ambako maduka yamefungwa na walinzi wanakunywa kahawa kwa wachuuzi wenye mabirika. Kengele ilinikuta njiani. Nilipoingia kanisani nilikuta pameshajaa, nikapata nafasi kwenye ukingo wa benchi la nyuma, karibu na nguzo.

Kanisa lenyewe ni zuri, siwezi kulinyima. Dari iko juu sana, vioo vya rangi vinatupa mwanga sakafuni, na kwaya ilikuwa ya watu wanaojua wanachokifanya. Siku nyingine ningelia kwa raha. Siku ile kila kitu kiliniudhi. Liliniudhi shati la mwanaume wa mbele yangu, lililopigwa pasi likasimama. Walipoomba wageni wasimame wakaribishwe kwa makofi, nilikaa. Mama wa pembeni yangu alinigusa kiwiko, dada si mgeni wewe, nikamjibu mimi ni wa hapa hapa. Nilikuwa nimedanganya kabla ya mahubiri.

Padri alihubiri juu ya ukarimu. Alisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na watu wakacheka kwa kuridhika kama tunavyocheka tukisikia methali tunayoijua. Mimi nilikuwa nikimfikiria mwenyekiti na maturubai yake. Tulipofika kwenye ile sala ya kukiri kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu, maneno ya yule askari wa Injili na mtumishi wake mgonjwa, niliyasema kwa meno yaliyoumana. Yule askari hakuulizwa barua. Hakuwa hata mtu wa dini ile.

Foleni ikaanza. Mbele yangu wengine walifungua midomo, wengine walinyoosha viganja, na mimi nikanyoosha viganja. Padri akasema Mwili wa Kristo, nikasema Amina, na ikawa mkononi mwangu, nyepesi, haina hata uzito wa jani la chai. Nikafunga ngumi. Nikapiga hatua pembeni, mkono mwingine ukitafuta zipu ya mkoba.

Sikufika hatua ya nne. Mhudumu, mama wa makamo aliyevaa kitenge cha sare na kitambulisho kifuani, alinishika kifundo cha mkono. Hakunishika kwa nguvu. Alinishika kama mtu anayeijua kazi yake.

"Mama, kula hapa hapa."

Nilimnong'oneza kwamba ni ya mgonjwa. Nilimwambia ni mama yangu, yuko Kariakoo, anakufa, hawezi kuja.

"Wote wanasema ni ya mgonjwa," alisema.

Najua kwa nini alisema vile. Kuna watu huzipeleka kwa waganga, wanazifanyia mambo, na mhudumu amewekwa pale kwa ajili hiyo. Kwetu pia tunaweka. Lakini foleni ilikuwa imeanza kututazama, wazungu wawili wenye kamera walikuwa wanatutazama, mama wa pembeni niliyemdanganya alikuwa anatutazama, na mkono wangu ulikuwa bado umeshikwa. Nikafungua ngumi. Ilikuwa imepinda kidogo kwa jasho. Nikaitia mdomoni.

Akasubiri. Kisha akaniambia nifungue mdomo aone. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, katibu wa jumuiya, nilifungua mdomo mbele ya watu kama mtoto aliyelazimishwa dawa, naye akachungulia, akaridhika. Aliniuliza natoka wapi. Nikasema Mombasa. Akasema kumbe Mkenya, kana kwamba hiyo imeeleza yote, akaniachia.

Nilimpokea Bwana wangu kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa adui. Sikukaa kusubiri baraka. Nilitoka kwa mlango wa pembeni na nikalia barabarani, kilio kile cha ghadhabu kinachokutoa kamasi, mpaka mlinzi mmoja akanipa karatasi ya kufungia kashata nijifute.

Mama mdogo alikuwa macho. Nadhani alikuwa amekisia, kwa kuwa nilivyoingia hakunitazama usoni, aliutazama mkoba. Nilipiga magoti nikamwambia wamenikamata, wamenilazimisha kuila.

"Umekula wewe," alisema.

Nikasema ndiyo. Akageuza uso ukutani. Upande mmoja tu wa mwili wake ulikuwa unamtii, na aliutumia wote kugeuka.

Bibi alikuwa mlangoni. Aliona kijaluba nimekiweka sakafuni, wazi, na kitambaa ndani, akauliza sasa kilikuwa cha nini. Nikamweleza kila kitu, kwa sauti ya juu isiyostahili chumba cha mgonjwa. Ofisi, barua, Buguruni, foleni, kushikwa mkono. Na kwa kuwa hasira ikikosa mwenyewe humwangukia aliye karibu, nikamwambia na yeye amo. Nilimwambia wanajumuiya wanaiogopa nyumba yake, kwamba mama yangu mdogo anakufa bila padri kwa sababu amekaa kwenye uani wa Waislamu.

Bibi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaziweka sawa nywele za mama mdogo.

"Nani kaniuliza?" alisema. "Miaka arobaini huyu Ramadhani anafuturu na mimi, Krismasi mimi nampikia pilau. Rozari yake ikikatika mimi ndiye ninayemtungia. Wewe na huyo wa maturubai, na huyo wa ofisini, kuna mmoja wenu aliyeniuliza?"

Na mimi nilikuwa sijamuuliza. Nilikuwa nimelala kwake siku nne na nimekula chakula chake, na niliposikia kwa mwenyekiti kwamba nyumba ile haitaki sala, sikuvuka uani kuuliza. Niliamini.

Jumatatu asubuhi Bibi alivaa buibui lake la kutokea, akajipaka mafuta magotini, akasema twende. Tulikodi bajaji kwa ajili ya miguu yake. Pale parokia, na hili sitalisahau, nilipoliona benchi nilikaa. Miguu yenyewe ilikwenda ikakaa. Bibi hakulijua lile benchi ni la nini. Alilipita, akaupita mlango wa ofisi, dada mwenye miwani akainua kichwa, na Bibi akamsalimia huku anatembea, akaenda hadi nyumba ya mapadri upande wa pili wa ua, mbele ya macho yangu, na kupiga hodi kama anavyopiga hodi mahali pengine popote.

Aliyefungua alikuwa padri msaidizi, kijana aliyevaa fulana, kikombe cha chai mkononi. Nilimsikia akimwamkia shikamoo, na Bibi akiitikia. Kisha nikasikia Bibi akimwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, kwamba nyumbani kwake kuna Mkristo wenu anakufa, na anakutaka. Padri hakuuliza jumuiya. Aliuliza ni wapi, na kama bado anaweza kumeza. Akaweka chai chini, akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu na kamkoba kadogo kifuani.

Nilibaki nimekaa pale kwenye benchi. Mngedhani nilifurahi. Nilitamani kumpiga mtu. Siku tano. Siku tano za kuambiwa nipite huku na kule, hostia niliyoiiba na kuimeza, na mlango ulikuwa ni wa kupiga hodi tu. Angekuwa amefungua Alhamisi. Nilipanda bajaji, padri kabanwa katikati yetu, Bibi akimweleza kona ya kukata.

Nyumbani Bibi alitandika kitambaa cheupe juu ya stuli, akakiweka na kile kijaluba juu yake, kitupu, sijui kwa nini, labda aliona kimeshahusika. Akauliza kama ataruhusiwa kuwasha udi, maana chumba kina harufu ya ugonjwa. Padri akasema washa tu mama. Kisha akatuomba tutoke, mgonjwa aungame.

Tulikaa uani kwenye vigoda, mgongo wa ghorofa umetufunika. Majirani walikuwa wanafua. Redio ya mtu ilikuwa inatangaza bei za vitunguu. Bibi aliyasugua magoti yake, halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, kwa kutaka kujua tu.

"Si ulisema kwenu wewe ndiye mshika daftari? Mtu kama huyu kwenu mnamfanyaje?"

Hapo ndipo lile neno la mwenyekiti lililokuwa likinichoma siku zote hizo liliponionyesha lilikotoka. Kwetu, nyumba ya nne kutoka kwangu, kuna mzee. Aliacha kuja jumuiya miaka mingi, akaugua, akalala. Mkaza mwanawe alikuja kwangu mara tatu mwaka huu kuomba barua ili padri aje. Mara ya kwanza nilimkaribisha ndani. Mara ya pili nilimfungulia daftari nikamwonyesha safu ya mzee ilivyo tupu. Mara ya tatu tuliongea mlangoni. Na nilimwambia, kwa upole, nikimshika bega: aanze kuhudhuria kwanza.

Bibi alikuwa bado anasubiri.

"Tunampelekea," nilimwambia.

"Alhamdulillah," alisema. "Basi ni hawa wa huku tu."

Padri alituita. Mama mdogo alikuwa amegeuzwa, hatazami tena ukuta. Bibi alimwinua kichwa kwa kiganja chake kwa kuwa ndiye aliyejua namna ya kumwinua asikwame, na padri akavunja kipande kidogo kama punje, akakiweka kwenye kijiko chenye maji. Kile kile kijiko cha supu. Mama mdogo alimeza. Ilichukua muda, koo likipanda na kushuka, na sote watatu tulilitazama koo lile hatupumui. Lilipotulia, Bibi alimfuta kidevu.

Alifariki Jumatano, alasiri, saa ambayo zamani alikuwa akikoroga unga wa bajia. Mwenyekiti alikuja mazikoni, akaleta turubai la kukalia watu, akalia kwa kweli. Nilimpa mkono. Sikuweza kumwambia lolote katika yale niliyokuwa nimemwandalia.

Mpakani, wakati wa kurudi, hakuna aliyeniambia ninajitahidi. Nilifika Mombasa mchana. Sikuingia kwangu, nilipita na begi langu moja kwa moja hadi nyumba ya nne. Mkaza mwana wa yule mzee alikuwa anaanua nguo. Aliponiona hakuziacha kamba. Nikamwuliza mzee anaendeleaje, nikamwambia nimekuja kwa ile habari ya padri, barua haihitajiki, namwita leo hii.

Alikunja shuka mara mbili, akaiweka kwenye beseni.

"Hataji tena padri, mama katibu," alisema. "Ameacha kuuliza tangu mwezi uliopita."

Nikamwomba niingie nimwone. Akaniambia aende kwanza amuulize mzee kama anataka kuniona, nisubiri. Pale nje ukutani kuna benchi la mbao. Nikakaa.